Bwawa la mbao uani, na mji uliopewa jina na tope

Wiki hii, msikilizaji, tuzungumze habari ya bwawa. Si Mtera wala Hombolo. Ni bwawa la uani, lile la kufugia samaki wa rangi ambao Wajapani huwaita koi. Halichimbwi chini, bali huinuliwa juu ya ardhi kwa kuta za mbao, na ndani yake likatandikwa turubai zito la plastiki. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, viwanja vimepimwa na nyumba zimeota kama uyoga. Mwenye nyumba akishamaliza ukuta na geti, huanza kutafuta kitu cha kupumzisha macho jioni. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama jambo hilo lawezekana katika nchi kavu kama hii.

Mimi si seremala wala bwana samaki. Kazi yangu ni kusoma mambo ya kale. Lakini nashikilia kwamba swali hili ni la historia kabla ya kuwa la msumeno, maana sehemu kubwa ya habari za Ugogo ni habari za watu waliotafuta namna ya kuyashika maji yasiondoke.

Hata jina la mji wetu limetoka kwenye dimbwi. Wazee husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kule Kikuyu, akakanyaga tope, akadidimia asitoke tena. Waliomwona wakasema kwa Chigogo, idodomya, yaani amezama. Wapo wanaosimulia vingine, na mimi hadithi yao naipenda zaidi kwa sababu ya ujanja wake. Wagogo, husema hao, waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakachinja wakala, wakabakiza mikia tu. Wahehe walipofuata nyayo, walionyeshwa mikia imesimama topeni. Jamani, ng'ombe wenu wamezama! Ukichagua hii au ile, jambo ni moja: mji ulianza mahali ambapo maji yalikuwapo, lakini hayakuwa na sakafu ya kuaminika.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliijua Ugogo kwa mambo mawili, kiu na hongo. Kabla ya kuingia Ugogo palikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, kwa sababu ya chumvi yake. Mwingereza Richard Burton alipita huko mwaka 1857. Wageni wengi walilalamika kwamba watemi wa Kigogo waliwatoza hongo kubwa mno. Sawa, walitozwa. Lakini msafara wa mamia ya wapagazi na punda wao ungeweza kukausha katika siku chache kisima ambacho kijiji kilikitegemea mpaka masika. Kwa hiyo katika hongo ile ilikuwamo bei ya maji, na aliyeyauza alijua thamani yake. Wenyeji waliyapata kwa kufukua mchanga wa mito iliyokauka, kwa sababu chini ya mchanga jua haliyafikii. Hilo tulikumbuke, tutalirudia.

Adui wa pili wa mjenzi wa nyanda hizi ni mchwa. Wajerumani walipoifikisha reli ya kati Dodoma mwaka 1910, mataruma yake yalikuwa ya chuma, si ya mbao, na mchwa walikuwa sababu kubwa. Lakini Mgogo naye alijenga kwa miti, akaitwisha mzigo. Paa la tembe ni bapa, limefunikwa udongo mzito, na udongo ule unyeshewapo mvua huzidi uzito. Anayedhani kwamba Ugogo hakuna elimu ya mbao kubeba uzito, na akae chini ya tembe atazame juu. Nguzo zilichaguliwa miti migumu, zikapangwa karibu karibu, na iliyoliwa ikabadilishwa kabla haijaanguka.

Mwingereza alikuja na fikira ya mabwawa ya udongo, nasi baada ya uhuru tukaendelea nayo. Hombolo lilijengwa mwaka 1957. Palikuwapo pia Imagi, Msalatu, Ikowa na Matumbulu. Mwaka 1972 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, akiwamo Anders Rapp, juu ya mabwawa hayo manne ya mwisho niliyoyataja. Walipima udongo uliosombwa na mvua kutoka vilimani na kutuama chini ya maji. Jibu lao halikufurahisha: mabwawa yalikuwa yakijaa udongo upesi sana, na umri wake ulihesabika kwa miongo michache tu. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoliwa vibaya na mmomonyoko. Hombolo nalo maji yake yana chumvi.

Bwawa linapojaa udongo halipungui upana, linapungua kina. Na hapo ndipo jua linapopata sherehe. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Lakini jua na upepo vyaweza kunyanyua kutoka kwenye maji yaliyo wazi zaidi ya milimita 2,000 katika mwaka huo huo. Jua halijali kina. Linakula kwa upana, kama ng'ombe alavyo majani.

Sasa turudi uani. Chukua bwawa la urefu wa mita 3, upana mita 2, na kina mita 1.2. Linachukua lita 7,200, yaani ndoo 360 za lita 20. Kwa milimita 6 kwa siku, jua litachukua lita 36, karibu ndoo mbili. Ukizimwaga lita zile zile 7,200 katika bwawa pana lenye kina cha sentimita 60, jua litachukua ndoo nne kasoro. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale, lakini hasara ni mara mbili. Mzee aliyefukua mchanga wa mto hakuandika hesabu hii, ila aliitumia. Ndiyo maana nasema kwa Dodoma bwawa la kuinua lina akili. Ni rahisi kulifanya liwe na kina, mvua haiingizi udongo wa uani ndani yake, mtoto mdogo hatumbukii kwa hatua moja, na hulazimiki kupigana na ardhi ngumu kwa sururu.

Lakini mbao zibebe. Lita 7,200 ni zaidi ya tani 7, na maji hayakai kimya kama mahindi ndani ya gunia, yanasukuma pembeni. Kwenye ukuta wa mita 3 wenye maji ya kina cha mita 1.2, msukumo wote ni zaidi ya tani 2, na sehemu kubwa yake iko chini. Fundi anayepigilia mbao za inchi moja kwenye nguzo mbili za pembeni anajenga mafuriko. Mbao ziwe nene, nguzo ziwe karibu karibu kama za tembe, na ukingo wa juu ufungwe kuzunguka pande zote ili kuta zisiachane. Chini pawe na msingi wa mawe au zege, mbao zisiguse udongo, na nafasi iachwe kuzunguka ili njia ya mchwa ionekane mapema. Mbao nyingi laini zinazouzwa nchini hutoka mashamba ya miti ya Sao Hill, Mufindi. Zikitiwa dawa hudumu, lakini dawa za mbao mara nyingi zina sumu kwa samaki. Hivyo turubai lisitobolewe hata kwa msumari mmoja.

Kuhusu samaki wenyewe, wapo watakaosema huu ni umaridadi wa wenye fedha, usio na nasaba na wakulima. Historia inasema kinyume. Koi hawakuzaliwa katika bustani za mabwana. Walitokea katika milima ya Niigata, kule Yamakoshi, kwa wakulima wa mpunga waliofuga samaki wa kula katika mabwawa ya kumwagilia mashamba, ili wapate kitoweo wakati theluji imefunga njia. Katika karne ya 19 baadhi ya samaki wale wakatokea na mabaka ya rangi, wakulima wakawatenga na kuwazalisha. Mwaka 1914 waliwapeleka kwenye maonyesho makubwa ya Tokyo, na tangu hapo dunia ikawajua. Samaki aliyezoea theluji hatatishwa na baridi ya Dodoma ya Julai. Kinachomtesa ni joto la mchana, maana maji yakipata moto hupungukiwa hewa. Kwa hiyo bwawa liwekewe kivuli na pampu ya kuzungusha maji, na samaki wasizidi sita au saba kwa kipimo nilichotaja, kwa kuwa koi mzima hufikia sentimita 60 na zaidi.

Kwetu Tanganyika majaribio ya kufuga perege mabwawani yalianza mwaka 1949, Korogwe na Malya. Nayo yalikuwa ya kitoweo. Anayetaka kuweka perege katika bwawa lake la mbao asione haya, atakula Jumapili.

Limebaki swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: maji ni ya nani? Kwa miaka mingi mji huu umetegemea visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, navyo vilianza kutumika Dodoma ikiwa ndogo sana kuliko ilivyo leo. Mtu akifungua bomba kujaza ndoo 360 za samaki wa kutazama, wakati mtaa wa pili mama anasubiri zamu ya ndoo moja, jirani ana haki ya kununa. Mimi siungi mkono bwawa la namna hiyo, liwe la mbao za mninga au za dhahabu. Isitoshe, maji ya bomba yenye klorini huua samaki yasipotulizwa kwanza.

Lakini tazama juu. Bati la nyumba ya mita za mraba 100 hupokea, kwa mvua ya wastani, lita 57,000 kwa mwaka. Hata ukipoteza moja ya tano njiani, zinabaki lita 45,000 na ushei. Bwawa letu linadaiwa na jua lita 13,000 hivi kwa mwaka. Basi anayetaka koi aanze na mfereji wa bati na tangi kubwa, bwawa lifuate baadaye. Ratiba yenyewe imekwisha kupangwa na mbingu: msingi na mbao Septemba na Oktoba, mifereji iwe tayari Novemba, maji yaingie Desemba na Januari, samaki waje maji yakishatulia. Mwenye haraka ya kujaza bwawa Agosti atalijaza kwa boza, na bei ya boza Agosti twaijua.

Na samaki wasitoke nje ya geti. Ndugu wa koi, asiye na rangi, alionekana katika Ziwa Naivasha nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inaaminika alisombwa na mafuriko kutoka mabwawa ya wafugaji yaliyo juu ya mto. Katika miaka michache akawa sehemu kubwa ya samaki wavuliwao pale, na tabia yake ya kuchimba matope ikayachafua maji. Mtu akichoka na koi wake asiwapeleke Hombolo kwa kudhani anawafanyia hisani. Awape jirani mwenye bwawa, au amwite bwana samaki.

Maji ya bwawa yanapobadilishwa yana mbolea ya samaki. Yasimwagwe barabarani. Uani mwa Dodoma hakukosi mche wa mzabibu au tuta la mchicha, na bomba la kutolea maji likiwekwa upande huo tangu siku ya kwanza ya ujenzi, hakuna atakayebeba ndoo.