Kalamu ya Daktari wa Mifugo Ukambani

Wengi humjua daktari wa mifugo kwa sindano yake, lakini katika historia ya Kitui na Makueni kalamu yake ndiyo iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi. Kazi yake ya kila siku ina pande mbili. Asubuhi yumo zizini akimpapasa ndama tezi zilizovimba chini ya sikio, dalili ya ndigana kali. Jioni yuko mezani anaandika. Kibali cha kusafirisha mifugo ni karatasi tu inayotaja aina ya wanyama, idadi yao, watokako na waendako, lakini bila karatasi hiyo mbuzi wa Mutomo hawavuki kihalali kwenda kuuzwa kaunti nyingine. Ninavyoona mimi, maandishi ya namna hii yamemfaa au kumdhuru mfugaji kwa kutegemea jambo moja: kama alisikilizwa kabla ya wino kukauka.

Ushahidi mzito ni wa mwaka 1938. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na haikutengwa hadi 1992. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika ripoti baada ya ripoti: mifugo imezidi, udongo unachukuliwa na maji, Mkamba hataki kuuza ng'ombe wake. Ripoti zilijaa hesabu, na kwa hiyo zikaaminika. Serikali ikaanza kukamata ng'ombe na kuwanadi, huku kiwanda kipya cha nyama cha kampuni ya Liebig kikiwasubiri Athi River. Mwezi Julai Wakamba zaidi ya elfu moja walikwenda Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, wakitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu kuzuiliwa huko. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kupunguza mifugo kwa nguvu. Linaloniuma katika ripoti zile ni lile zililolipita kimya. Kwa muda mrefu Ukambani ilikuwa imefungwa kwa karantini za magonjwa ya ng'ombe, na mfugaji hakuwa na njia halali ya kufikisha ng'ombe wake soko la nje. Serikali iliyomzuia kuuza ndiyo hiyo hiyo iliyoandika kwamba hauzi. Malisho ya Yatta, kimbilio la miaka ya ukame, nayo yalikuwa yameshafanywa ardhi ya serikali.

Atakuwepo wa kusema kwamba mmomonyoko ulikuwepo kweli, na kwamba ugonjwa wa ng'ombe wa sotoka usingeshindwa bila karantini na daftari. Yote mawili nayakubali. Milima ya Machakos ilikuwa imechunwa, na macho ya maofisa hayakuwadanganya. Walichokosea ni sababu na dawa. Mary Tiffen na wenzake, katika kitabu chao cha 1994 juu ya Machakos ya zamani pamoja na Makueni, walionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado udongo ukatunzwa vizuri zaidi kuliko awali, kwa matuta ya kinga maji waliyochimba wakulima wenyewe na mbolea ya mazizi yale yale yaliyolaumiwa. Ama sotoka, iliyotangazwa kuisha duniani mwaka 2011, ilishindwa kwa chanjo iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Muguga na Walter Plowright na wenzake. Na chanjo hufanya kazi pale tu mwenye ng'ombe anapokubali kuwaleta.

Haja hii ya kumsikiliza mwenye mnyama inaonekana vizuri zaidi katika kichaa cha mbwa. Katika miaka ya 1990 Philip Kitala na wenzake waliwatumia wakazi wa Machakos kutoa habari za mbwa wagonjwa kijijini, wakakuta ugonjwa umeenea mara nyingi mno kuliko takwimu rasmi zilivyosema. Sababu ni nyepesi: mbwa akifa Kibwezi au Mwingi, ni nani atakayekata kichwa chake akisafirishe hadi maabara ya Kabete? Mpango wa taifa ulioanza 2014, ambao Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti zake za majaribio, unataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe kila mwaka ili vifo vya watu viishe ifikapo 2030. Asilimia 70 ya mbwa wangapi? Idadi hiyo haipatikani ofisini. Daktari lazima apite boma kwa boma, aulize, ajibiwe, kisha ndipo aandike.