Port-Cros: uzamiaji katika hifadhi ya bahari

Port-Cros ni kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Mediterania, kimojawapo cha visiwa vya Hyères vilivyo mashariki ya mji wa Toulon. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 7. Tarehe 14 Desemba 1963 kilifanywa hifadhi ya taifa pamoja na ukanda wa bahari wa mita 600 unaokizunguka, kikawa mahali pa kwanza barani Ulaya ambapo hifadhi ya taifa ililinda pia chini ya maji. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, nchini Kenya, zilitangazwa miaka mitano baadaye.

Uzamiaji wa mtungi wa hewa ulizaliwa jirani. Mwaka 1943 ofisa wa jeshi la maji, Jacques-Yves Cousteau, alijaribu huko Bandol, magharibi ya Toulon, kifaa alichokibuni na mhandisi Émile Gagnan: kidhibiti kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kila avutapo pumzi, kwa mgandamizo unaolingana na kina alichopo. Mwenzake Frédéric Dumas alikuwa tayari mwindaji hodari wa samaki kwa mkuki. Ikumbukwe basi kwamba mtungi na mkuki viliingia katika maji haya karibu pamoja, na kilichoupa uzamiaji wa Port-Cros sifa yake leo ni kukatazwa kwa hicho cha pili.

Aliyelipia gharama ya mkuki ni chewa wa kahawia. Si yule anayeuzwa katika masoko ya Mombasa au Dar es Salaam, ila ni wa ukoo mmoja naye: mdomo mpana, mwili mnene, na tabia ya kukaa pangoni na kumkodolea macho anayemjia. Tabia hiyo humrahisishia kazi mwenye mshale. Tena chewa huyu huzaliwa jike, na hugeuka dume baada ya miaka kumi na zaidi, akiwa ameshakuwa mkubwa. Kwa hiyo kila aliyechagua windo kubwa la kupigia picha gatini alikuwa akiondoa madume, na majike yaliyobaki yalikosa wa kuzaa nao. Mwaka 1993 uvuvi wa chewa kwa mkuki ulisimamishwa katika pwani yote ya Ufaransa ya Mediterania, na marufuku hiyo imekuwa ikiongezewa muda. Ndani ya hifadhi, ambako hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazikufika chewa 100, sasa wapo kwa mamia.

Wengi huwaona Gabinière, kisiwa cha mwamba upande wa kusini. Ukuta wake hushuka kupita mita 40, mkondo huwa mkali, na vibua na barakuda huzunguka juu huku chewa wamelala katika nyufa. Hawamkimbii mzamiaji, vizazi kadhaa sasa havijaonja chuma. Pointe du Vaisseau na Montrémian huzamiwa pia, lakini msifu wa Gabinière hakosi sababu.

Kuzamia si bure kwa maana ya kufanya utakavyo. Mzamiaji hutia saini hati ya masharti: asilishe samaki, asiokote kitu, asiguse matumbawe laini kwa mapezi yake ya miguuni. Chombo hufungwa kwenye boya, hakitii nanga pale. Nanga ni adui wa posidonia, mmea wa baharini wenye mizizi, maua na matunda, unaotandaza nyasi ambamo samaki wengi hukulia. Mashina na mizizi yake hurundikana kiasi cha mita moja kwa karne, na nanga ya jahazi moja la anasa hung'oa kwa dakika chache kilichojengwa tangu enzi za babu. Wasio na mtungi wana njia yao katika ghuba ya La Palud, ambako mabango ya maelezo yamewekwa majini na miwani na pumzi vinatosha.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba wavuvi wadogo wa biashara hawakufukuzwa. Huvua kwa nyavu na masharti waliyokubaliana na hifadhi. Nyavu za kukokota ndizo zilizopigwa marufuku.

Kati ya Port-Cros na kisiwa jirani cha Porquerolles zimelala meli mbili, Donator na Sagona (wazamiaji huiita Le Grec, yaani Mgiriki), zilizozamishwa na mabomu ya baharini mwishoni mwa 1945, vita vikiwa vimekwisha. Ziko kwenye kina cha karibu mita 50, ambako hewa ya kawaida ya mtungi hulevya. Donator ilibeba mvinyo. Asiye mzoefu hulewa pale bila kuonja shehena.

Maboya na hati haviyafikii mambo yote. Tangu miaka ya 1990 wazamiaji wa kujitolea hushuka kila mwaka kutafuta kaulepa, mwani vamizi uliogunduliwa Monaco mwaka 1984, na kuung'oa kwa mkono. Mwaka 1999 joto la maji liliua matumbawe laini mengi katika pwani ya Provence, Port-Cros ikiwemo. Kisha ukaja ugonjwa wa kombe kubwa la Mediterania, linaloweza kupita mita moja kwa urefu na linalosimama wima katikati ya posidonia. Kimelea kilichoanza kuliangamiza Hispania mwaka 2016 kilifika hapa miaka michache baadaye, na karibu makombe yote yakafa. Maganda yake matupu bado yamesimama katika nyasi, na samaki wadogo wamehamia humo.