Picha za 3D: Vile Simu Yako Hapo Kibomet Inaweza Kuokoa Kitu Kabla Kipotee

Kama unakaa Kibomet na simu yako iko na kamera inashika poa, tayari uko na vifaa vya kazi ambayo wasee wengi hudhani ni ya watu wa muvi Marekani. Inaitwa fotogrametri. Usiogope jina. Unazunguka kitu ukikipiga picha mob, halafu programu inazishonea pamoja mpaka hicho kitu kinatokea kwa skrini, unakigeuza mbele nyuma ni kama umekishika.

Siri iko kwa macho yako. Yako mbalimbali kama sentimita 6 hivi, kwa hivyo kila moja linaona kitu kwa engo yake, na ubongo unapiga hesabu ya umbali. Charles Wheatstone wa Uingereza alionyesha hii maneno mwaka wa 1838 akitumia vioo na michoro miwili tu, kabla hata kamera zianze kuuzwa. Programu za siku hizi zinafanya vile vile, ila badala ya macho mawili unazipea 80.

Sasa, usidhani hii ni ya kuchezea tu. Cheki Museum of British Colonialism, kikundi cha Wakenya na Waingereza kilichoanza 2018. Chao Tayiana Maina, yule dem wa African Digital Heritage, na wenzake walijenga upya kwa 3D kambi ambazo wakoloni walifungia watu wakati wa Mau Mau, kama Aguthi na Mweru kule Nyeri. Leo ukienda huko unapata shule. Wanafunzi wanapiga prepu penye watu waliteswa. Hapo hakukuwa na kambi nzima ya kuzungushia kamera, so walienda site, wakaongea na wazee waliofungwa, wakachora nyumba, waya na mitaro ilivyokuwa. Na hii ni muhimu kwa sababu Waingereza walichoma makaratasi mengi kabla wasepe, na mengine wakayaficha kwao mpaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiwa kortini. 2013 serikali yao ilikubali kulipa watu 5,228 pauni milioni 19.9. Mtu akikuambia hakukuwa na kambi, unampeleka ndani.

Karibu na sisi, barabara inayotoka Kitale ikipita Kapenguria hadi Lodwar ndiyo inakufikisha Turkana, kwenye mafuvu yaliyofanya dunia ijue Kenya. Mafuvu yenyewe hauwezi guswa ovyo, lakini tovuti ya African Fossils, ya kina Louise Leakey, iko na modeli za 3D unaangalia bure. Mwalimu wa bayo akikuonyesha ile picha ya kitabu imefifia, mwambie aangalie hiyo.

Haya, kazi yenyewe. Mimi nilianza na sufuria na ilinikataa kabisa, ikatoka kama chapati imeraruka. Vitu vinavyong'aa na vioo vinachanganya programu kwa sababu mng'ao unahama ukihama. Anza na kitu chenye madoa na mikwaruzo: chungu, kigoda cha mbao, kiatu kimechoka. Toka nje siku ya mawingu (Kitale hiyo haikosi), zima flashi, kisha zunguka mara 3: chini, katikati, juu. Kila picha iingiliane na ile ya mwisho zaidi ya nusu. Picha 60 hadi 100 zinatosha. Wewe ndiye unatembea. Ukizungusha kitu badala yako, ukuta wa nyuma utaharibu hesabu. Weka rula kando ndio saizi ijulikane.

Polycam, KIRI Engine na RealityScan zinafanya kwa simu. Meshroom ni ya bure kwa kompyuta lakini inataka kadi ya Nvidia, na hiyo kwa saiba za mtaa ni ndoto. Kusafisha modeli tumia Blender, pia ni bure. Wasanii wengine hawasafishi hata. Wanaacha mashimo na nyuso zimeyeyuka, wanaweka kwa video ya ngoma, na inakaa noma kuliko ile safi.

Ya kuskani hatukosi. Kitale Museum ilifunguliwa 1974, ikianzia mkusanyiko wa mzungu mmoja, Stoneham. Bungoma kuna Chetambe hapo Webuye, mahali Wabukusu walipigana na jeshi la wakoloni 1895. Lakini omba ruhusa kwanza, kwa ofisi na kwa wazee pia. Kitu cha mtu kikiwa 3D kwa intaneti, yeyote anaweza kukichapisha na kuuza, na mwenyewe asijue.

Kukhu wangu alikuwa na chungu cha busaa cha tangu aolewe. Nilikuwa nimesema nitakiskani Krisi. Mbuzi ilikimaliza Novemba. Nimebaki na picha moja ya mbele, na nyuma kulikuwa na alama za vidole vya mwenye alikifinyanga, hizo sina.

Kama kwenu kiko, kipige hii wiki. Kupakia picha 80 kunakula bando, kwa hivyo ngoja ile ya usiku.