Moja ya Hamsini

Ukikaa na vijana wanaopiga video za harusi Nairobi, utasikia namba moja ikirudi kama salamu: moja ya hamsini. Kamera ikitoka kwa begi, iwe Sony, Canon ama Lumix, hizi za mirolesi zisizo na kioo ndani, kitu cha kwanza ni kuzungusha kile kigurudumu cha juu hadi M. Halafu shata inawekwa 1/50, na haiguswi tena mpaka keki ikatwe. Ukiuliza kwa nini, jibu ni fupi: unapiga fremu 25 kwa sekunde, zidisha mara mbili. Ukiuliza kwa nini mbili na si tatu, stori inahamia mambo ya betri.

Sina ubaya na hilo jibu. Linafanya kazi. Lakini nimeifuata hii namba nyuma nikitaka kujua ilizaliwa wapi, na nikakuta ina wazazi wawili ambao hawakujuana. Mmoja ni kipande cha chuma kilichokatwa nusu. Mwingine ni stima. Na kuna siku, kwa kizazi chetu hasa, ambapo kuivunja ni bora kuliko kuitii.

Tuanze na watu ambao hawakuitaka kabisa. Mwaka wa 1878, kule Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kando ya njia ya farasi. Tajiri mmoja, Leland Stanford, alitaka kujua kama farasi anayekimbia huinua miguu yote minne kwa wakati mmoja. Macho ya binadamu yalikuwa yamebishana juu ya hilo kwa karne nyingi. Kamera ilimaliza ubishi: ndiyo, huinua, na huinua wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, si wakati imenyooshwa kama wachoraji walivyozoea kuichora. Miaka minne baadaye, Mfaransa Étienne-Jules Marey, mwanasayansi wa mwili, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki. Ilipiga picha 12 kwa sekunde, na kila picha ilipokea mwanga kwa 1/720 ya sekunde.

Hebu ishike hiyo 1/720 kichwani. Marey hakuwa anatengeneza sinema. Alikuwa anamfuata ndege angani ili ajue bawa liko wapi hasa, na kwa kazi hiyo ukungu wowote kwenye picha ni hasara. Alitaka mwendo usimame ili auchunguze.

Sinema ilikuja na haja tofauti. Ndugu Lumière walipowaonyesha watu wa Paris filamu zao Desemba 1895, hakuna aliyelipa kiingilio ili achunguze. Watu walitaka kuona vitu vikitembea. Na ili vitembee, mashine ilibidi itatue shida moja ya kifundi. Ukanda wa filamu hauwezi kupita mbele ya lenzi ukiteleza tu, picha ingekuwa mchafuko mtupu. Lazima usimame, upokee mwanga, uvutwe hatua moja, usimame tena. Wakati unavutwa, mwanga lazima uzibwe. Kilichoziba ni kisahani kinachozunguka, kilichokatwa upande mmoja: uwazi ukipita, filamu inapata mwanga, chuma kikipita, filamu inasogea gizani.

Kuvuta na kutuliza filamu kulikula karibu nusu ya kila mzunguko. Kwa hivyo uwazi wa kisahani ukaishia kuwa karibu nusu duara, digrii 180. Hapo ndipo "mara mbili" ilipozaliwa. Si kwamba kuna mtu alikaa chini akapima macho ya binadamu. Chuma kilihitaji muda wake, mwanga ukapewa uliobaki.

Enzi ya filamu bubu, mpigapicha alizungusha mkono wa kamera mwenyewe, na mwendo ulipanda na kushuka. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, uhuru huo uliisha, kwa sababu sikio halisamehi. Muziki ukienda kasi kidogo, kila mtu anasikia. Hollywood ikatulia kwenye fremu 24 kwa sekunde. Nusu ya 1/24 ni 1/48, na kamera zetu nyingi hazina 1/48 kwenye orodha. Zina 1/50. Jirani wa karibu.

Baada ya hapo ni mazoea. Vizazi kadhaa vilikaa gizani vikitazama kiasi kilekile cha ukungu kwa kila mkono uliopungwa na kila gari lililopita, mpaka ukungu huo ukawa ndio sura ya sinema. Ushahidi ni pale unapokosekana. Tazama mifupa inayopigana kwa panga katika Jason and the Argonauts ya 1963. Ray Harryhausen alisogeza vile vidude kwa mkono, fremu moja kwa wakati, na kila fremu ilipigwa kidude kikiwa kimetulia. Ni kazi ya ajabu, lakini jicho linashtuka: mifupa inakwaruza hewa badala ya kupita ndani yake. Ilipofika 1981, kwenye Dragonslayer, Phil Tippett na wenzake kule Industrial Light & Magic waliunganisha joka lao na mota, lisogee kidogo wakati shata iko wazi. Walitumia pesa, mashine na kompyuta ili kupata ukungu. Ule ule ambao Marey alipambana kuufukuza.

Huyo ni mzazi wa kwanza. Wa pili anakaa ukutani, kwenye soketi.

Stima ya Kenya inabadilisha mwelekeo mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Marekani ni 60. Tofauti hii ilianzia kwa makampuni ya karne ya 19: AEG ya Berlin ilisimama na 50, Westinghouse ya Marekani na 60. Uingereza yenyewe ilikuwa vurugu, kila mji na mtambo wake na hezi zake, mpaka sheria ya 1926 ilipoanzisha gridi ya taifa na 50 ikawa ndiyo kipimo. Huku kwetu kampuni za kwanza za stima zilianzishwa 1908, moja Mombasa na nyingine Nairobi. Ile ya Mombasa, kwa masimulizi ya Kenya Power yenyewe, ilianza na jenereta iliyowahi kuwasha kasri la Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1922 ziliungana kuwa East African Power and Lighting. Koloni lilikuwa la Waingereza, vifaa vilifuata kipimo cha Waingereza, na hakuna aliyewauliza babu zetu kama wanataka 50 ama 60.

Sasa ona inavyoingia kwa kamera. Taa inayotumia stima ya hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, mara moja kwa kila nusu ya wimbi. Jicho halioni, kamera inaona. Shata ikiwa 1/50, kila fremu inameza mipepeso miwili kamili, na mwanga unabaki sawa. Ikiwa 1/60, inameza mmoja na kipande. Na kwa kuwa sensa za kamera nyingi husoma picha mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, kila mstari unapata kipande chake tofauti. Ndiyo ile mistari ya giza inayopanda na kushuka ukutani kwa video iliyopigwa chini ya taa za bei rahisi. Kamera iliyonunuliwa ikiwa imewekewa mipangilio ya Marekani, fremu 30 na shata 1/60, itakupa mistari hiyo kwa ukumbi wowote wa Thika Road wenye taa za aina hiyo, na mwenye kamera atadhani sensa imekufa.

Televisheni pia ilifuata soketi. BBC ilipoanza matangazo yake ya kawaida 1936 ilichagua picha 25 kwa sekunde, nusu ya 50, ziendane na stima. Wamarekani wakachukua 30, nusu ya 60. Televisheni ilipofika Kenya, 1962, ilikuja na 25 ya Waingereza. Kwa hivyo yule kijana wa harusi akisema "ishirini na tano, zidisha mbili", anataja gridi ya Uingereza na kisahani cha filamu kwa pumzi moja. Ni bahati tu kwamba hao wawili walikutana karibu sana, 1/48 na 1/50, tukadhani ni kitu kimoja.

Kuna sura moja ya hii historia ambayo wengi wetu tulikuwa shule ya msingi ikitokea. Septemba 2008 Canon ilitangaza 5D Mark II, kamera ya picha iliyoweza pia kurekodi video ya ubora wa juu kwa sensa kubwa kama fremu ya filamu ya 35mm. Wapiga filamu wasio na pesa ya kukodi mitambo ya Hollywood waliona mlango umefunguliwa. Wakaingia, wakakuta usukani haupo. Kwenye video kamera ilijichagulia shata, ISO na tundu la lenzi. Ikaona jua, shata inaruka hadi mamia ama maelfu, na ule mtiririko wa sinema unapotea.

Watu wakaanza ujanja. Wengine waliielekeza kamera kwenye taa mpaka ikachagua namba waliyoitaka, halafu wakabonyeza kitufe cha kufunga mwanga kabla haijabadilisha mawazo. Wengine walifunga lenzi za zamani za Nikon zenye pete ya mkono, angalau tundu libaki mikononi mwao. Kelele zilizidi mpaka Juni 2009 Canon ikatoa programu mpya ya ndani ya kamera iliyoruhusu kuweka shata kwa mkono. Fremu 24 na 25 zilingoja hadi Machi 2010. Miezi miwili baadaye, kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa House kilirushwa hewani, kimepigwa kwa kamera hiyohiyo. Wakati huo Panasonic ilikuwa tayari imetoa GH1, mirolesi iliyokuwa na usukani kamili wa video tangu 2009. Mirolesi zote unazoziona leo harusini zimerithi ushindi huo. Namba ndogo pale kwenye skrini, 1/50, ilidaiwa na watu waliokataa kuamuliwa na mashine.

Lakini kudhibiti kuna bei, na bei yake ni jua. Saa sita mchana Nairobi, ISO 100 na tundu la f/2.8, mwanga sahihi ni kama 1/3200. Ukitaka kushuka hadi 1/50 lazima ukate mwanga mara 64, ndiyo maana wasee wa video hufunga ile filta nyeusi ya ND mbele ya lenzi, miwani ya jua ya kamera.

Simu nyingi hazina filta, na tundu la lenzi yake halibadiliki. Njia iliyobaki ni moja: shata inapanda. Kwa hivyo video ya simu ya mchana ni kavu, inarukaruka, kila jiwe na kila tone la maji limesimama peke yake angani. Mwaka wa 1998 Steven Spielberg na mpigapicha wake Janusz Kamiński waliitengeneza sura hiyo kwa makusudi, kwenye ufuo wa Normandy wa Saving Private Ryan. Walipunguza uwazi wa kisahani hadi digrii 90, na mahali pengine 45, ili mchanga uliorushwa na mabomu uonekane punje kwa punje. Tangu hapo jicho letu limefunzwa: ukungu ni ndoto, ukavu ni vita.

Juni 25, 2024, vita hiyo haikuhitaji mtu wa kuitengeneza. Maelfu ya simu zilikuwa juu katikati ya Nairobi, waandamanaji wakiingia Bungeni, na shata za simu zikapanda zenyewe kwa ajili ya lile jua. Mwaka uliofuata, BBC Africa Eye ilitoa filamu ya Blood Parliament, ambayo watengenezaji wake walichambua zaidi ya picha 5,000 za siku ile wakitafuta ni nani aliyefyatua risasi. Nilipoitazama nilimkumbuka Marey na ndege wake. Uchambuzi kama ule unawezekana pale ambapo fremu ikisimamishwa bado inasema kitu: mkono uko wapi, bunduki imeelekea wapi, nani amesimama kando ya nani. Kwa 1/50 mkono unaopita haraka ni moshi. Kwa 1/2000 ni mkono.

So nikisikia mtu akicheka video za simu ati hazina sura ya sinema, huwa nauliza zilipigwa za nini. Bibi harusi akizunguka na gauni lake, mpe 1/50, gauni litiririke, amelipia ndoto na ni haki yake. Lakini ukiwa na mirolesi mkononi na mbele yako kuna jambo ambalo kesho mtu atalikana, toa ile filta na upandishe shata kadiri jua linavyoruhusu. Usiku, chini ya taa za barabarani, rudi 1/50 ama 1/100, la sivyo stima yetu ya hezi 50 itakuchorea mistari juu ya ushahidi wako.