Tangawizi, mchaichai na sanamaki: historia iliyomo kwenye kikombe cha bi harusi



Nianze na kisa kilichonifanya niandike. Bi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni lake la nikaha siku tatu kabla ya shughuli. Vipimo nilichukua kwa mkono wangu wiki tatu nyuma, lakini siku hiyo gauni lilimpwaya kuanzia kiunoni mpaka mabegani. Nikaanza kulibana kwa pini. Mara akashika ukuta, jasho jembamba likamtoka, akakaa chini. Kumbe alikuwa akinywa "chai ya bi harusi" asubuhi na usiku ili tumbo liingie ndani. Nilipoisoma pakiti yake, kiungo cha kwanza kilikuwa sanamaki.

Tukisikia neno "asili" huwa tunapumzisha akili. Tunasema ni majani tu, bibi zetu walikunywa. Ni kweli walikunywa, lakini walijua kipi ni chai na kipi ni dawa. Tofauti hiyo ina historia yake, na leo naomba tuipitie kiungo kwa kiungo.

Viungo vilivyokuja na jahazi

Tangawizi tunaiona yetu, ila asili yake ni Asia. Ililetwa pwani na biashara ya pepo za msimu: kaskazi ikileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikiyarudisha. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipopita pwani hii mwaka 1331 alikaribishwa chakula Mogadishu. Aliandika kuwa pembeni ya wali palikuwa na ndimu na pilipili za achari, embe, na tangawizi mbichi. Kutoka hapo aliendelea Mombasa hadi Kilwa. Kwa hiyo Waislamu wa pwani wanaijua tangawizi kwa karibu miaka 700.

Mdalasini nao umebeba safari ndani ya jina lake. Neno hilo limetokana na Kiajemi na Kiarabu, na maana yake ni mti wa China, ingawa mdalasini uliosifiwa zaidi ulitoka Sri Lanka. Iliki ni ya Bara Hindi. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha Sayyid Said bin Sultan akaisambaza katika mashamba ya Unguja na Pemba.

Hapa tusifiche kitu. Karafuu hizo zilichumwa na watumwa, na wengi wao walitolewa bara. Misafara kutoka Pangani ilipita bonde lililo chini ya milima ya Usambara na Upare kuelekea Kilimanjaro, ikitafuta pembe za ndovu na watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897. Tunapotia karafuu mbili kwenye chai tukumbuke pia jasho la wale waliozichuma.

Kwetu sisi Waislamu tangawizi ina heshima ya pekee. Allah ameitaja kwa jina la zanjabil katika Suratul Insan, aya ya 17, anapoeleza kinywaji cha watu wa Peponi. Aya hiyo inazungumzia neema. Haikusema kuwa tangawizi inaponya kila kitu, basi na sisi tusiisemee.

Kikombe cha Upareni

Bendera ipo tambarare, chini ya milima ya Upare ya kusini, kwenye barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio mpaka Mkomazi. Ukiinua macho unaiona milima. Kule juu, Mamba na Myamba, ndiko inakolimwa tangawizi, na leo ni zao kubwa la fedha kwa wakulima wa huko. Kiungo kilichofika pwani kwa jahazi sasa kinashuka mlimani kwa magunia kwenda mijini.

Majani ya chai ya dukani ni mageni kuliko tunavyodhani. Wajerumani waliyajaribu Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na mashamba makubwa ya biashara yalianza miaka ya 1920. Sukari na majani vikazoeleka pamoja na reli na maduka. Hata hivyo, nyumba nyingi hazikuacha kuchemsha mchaichai. Ukioteshwa karibu na bomba au mfereji, unajiotea wenyewe mwaka mzima, na hauna gharama.

Upareni kuna sababu nyingine. Mwaka 1903 wamisionari wa Kisabato walifika Giti, na kanisa lao likaenea sana milimani. Wasabato wanafundishwa kujiepusha na kahawa na majani ya chai. Jirani Msabato akija kukupongeza kwa nikaha ya binti yako, mchaichai unamaliza kila kitu: yeye anakunywa, wewe unakunywa, hakuna anayeona haya. Kikombe kimoja kimelinda ujirani wa dini mbili.

Chai ya nyumbani inavyopikwa

Chukua vikombe vinne vya maji. Osha tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, iponde kwenye kinu pamoja na maganda yake. Kunja majani matatu ya mchaichai, uyafunge fundo. Tia vyote kwenye sufuria pamoja na kijiti kidogo cha mdalasini na punje mbili za karafuu. Ikishachemka, punguza moto, funika, iache dakika kumi. Usiache kufunika, kwa sababu harufu inayotoka na mvuke ndiyo mafuta ya viungo yenyewe. Chuja, iache ipoe kidogo, ndipo utie asali.

Faida zake? Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na hata utafiti wa hospitali umelikubali hilo. Wanawake wengi huinywa kwa maumivu ya siku zao, na inasaidia. Mchaichai bibi zetu waliunywa jioni ili mwili utulie na usingizi uje. Karafuu hupunguza maumivu ya jino. Mafua na kikohozi hayaponyeshwi na chai hii, ila koo linalainika na kifua kinapata nafuu mpaka mwili umalize kazi yake.

Na tahadhari ni hizi. Mjamzito anywe tangawizi kidogo, na amwambie mkunga wake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Rosela inashusha presha, kwa hiyo anayemeza dawa za presha asiinywe kila siku bila kuuliza. Asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kijiko.

Sanamaki si chai

Sasa turudi kwa bi harusi wangu. Sanamaki maana yake ni sana ya Makka. Ni dawa ya zamani, na imetajwa katika hadithi ya Asma bint Umays, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyopokelewa na Tirmidhi na Ibn Majah. Bibi huyu alikuwa miongoni mwa waliohamia Habasha pamoja na mumewe Ja'far bin Abi Talib. Mtume (S.A.W.) alimuuliza anatumia nini kulainisha tumbo. Baada ya kutaja mti mwingine mkali, akatumia sana, nayo ikasifiwa.

Dada yangu, liangalie swali lenyewe. Lilihusu tumbo lililofunga. Halikuhusu kupungua unene wala kiuno cha gauni. Anayetumia hadithi hiyo kukuuzia chai ya kunywa asubuhi na usiku kwa mwezi mzima ameitoa mahali pake.

Na mwili nao una ushahidi wake. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshapita na mafuta yake yameshaingia mwilini. Inachotoa ni maji na chumvi za mwili, ndiyo maana mtu anapata kizunguzungu, misuli inakaza na moyo unaenda mbio. Ukiizidisha, utumbo unazoea, unashindwa kufanya kazi bila kusukumwa. Kilo ulizopungua zinarudi siku utakayokunywa maji ya kutosha.

Kwa hiyo kabla hujanunua pakiti, soma kilichomo. Kama haijaandikwa, iache dukani. Ukiona sanamaki, jua umeshika dawa, na dawa ina kipimo na muda. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Una haki ya kumuuliza muuzaji usajili wake, wala si utovu wa adabu.

Yule bi harusi tulimpa maji yenye sukari na chumvi kidogo, tukampeleka zahanati, akapona, alhamdulillah. Gauni nililipunguza usiku ule, na baada ya fungate alinirudishia nililegeze. Tulicheka, lakini mama yake hakucheka. Alisema, "Ningemzika mwanangu kwa ajili ya kiuno?"

Tuwafundishe mabinti zetu kupika chai ya tangawizi na mchaichai kama tunavyowafundisha kufukiza udi. Na tuwafundishe pia kuuliza: hiki ni chai au ni dawa? Mwili ni amana, na tutaulizwa.

Allah awajaalie mabi harusi wetu afya na ndoa zenye utulivu na rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq.