Nguo Inayobana na Dawa Yake ya Kale

Katika kijiji chetu binti mmoja alijishonea gauni kwa mkono, la kuvaa arusini kwa dada yake. Kitambaa kilinunuliwa kwa fedha ya kuku wa mama yake. Alipolivaa likambana kifuani na kwapani, hata hakuweza kuinua mikono. Akalia, akataka kulichana liwe matambara. Sisi tukamwambia, "Ngoja, mwanangu. Taabu yako ni ya kale, na dawa yake ni ya kale vilevile."

Mwaka 1913 Flinders Petrie alichimba makaburi ya Tarkhan, nchi ya Misri, akapata fungu la matambara machafu. Mwaka 1977 katika fungu hilo likaonekana vazi la kitani lenye mikono. Wataalamu walipolipima mwaka 2015, walitambua kwamba umri wake wapita miaka 5,000. Lina mikunjo viwikoni na kwapani, ndiyo alama ya kuvaliwa. Basi tangu zamani hizo mwili na nguo hushindana mahali pale pale.

Watu wa kale walifanyaje? Waliongeza kitambaa. Mwaka 1921 Poul Nørlund wa Denmark alifukua makaburi ya Herjolfsnes, katika Greenland, akapata mavazi ya sufu yaliyozikwa yapata miaka 600 au 700 iliyopita. Yamepanuliwa kwa vipande vya pembe tatu vilivyotiwa katikati ya mishono.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Itazameni kanzu ya pwani: badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni, na chini ya mkono kile kipande kidogo kiitwacho kikwapa. Bila kikwapa, mtu akiinua mkono nguo nzima hupanda, au mshono hupasuka. Kipande hicho hushonwa mshazari, na kitambaa kikivutwa mshazari hunyumbuka.

Mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi mshoni wa Marekani, alianza kuuza vigezo vya karatasi vya vipimo mbalimbali. Msaada huo ulikuwa mkubwa. Lakini kigezo hakimjui mvaaji. Kwa hiyo fundi mwenye busara huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, kwa maana kilichokatwa hakirudi.

Binti yetu alikuwa ameacha akiba ndogo, isiyotosha. Akafumua mishono ya ubavuni, akatwaa mabaki yake, akatia taharizi nyembamba pande zote mbili, na juu yake vikwapa. Siku ya arusi alipiga makofi pamoja na wenziwe, na mshono haukulia. Wengine walidhani ni mtindo mpya!

Wazee walisema kweli: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi, akina mama na mabinti, acheni akiba katika mishono yenu, wala msitupe mabaki.