Mombasa hadi Eldoret kwa ndege: piga hesabu kabla ya kukata tiketi

Ami yangu alikuwa dereva wa lori, akipakia viazi Timboroa na kuvishusha Kongowea. Uzeeni akahamia huko huko juu, akafungua duka. Alipofariki, habari ilitufikia Mombasa baada ya swala ya alfajiri: maziko ni Eldoret, leo hii, baada ya adhuhuri. Swali likawa moja tu nyumbani. Tutawahi?

Kwa barabara, haiwezekani. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 485, na kutoka hapo hadi Eldoret zaidi ya 300. Basi hula mchana mzima na kipande cha usiku.

Kwa ndege, kutoka Uwanja wa Moi hadi Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret ni takriban kilomita 690 kwa mstari ulionyooka. Wengi wetu hudhani kupitia Nairobi ni kuzunguka. La. Nairobi iko karibu kabisa juu ya mstari huo: kilomita 420 kutoka Mombasa, 270 kufika Eldoret, na ukijumlisha ni zile zile 690. Ndege ya moja kwa moja, ukiipata siku hiyo, huchukua kama saa moja na nusu ikiwa ya pangaboi. Jeti ni saa moja na dakika chache. Ukipitia Nairobi, utakaa hewani karibu saa moja, kisha kama dakika 50 nyingine. Kinachomaliza siku ni kungoja chini.

Na hapo ndipo nilipoumia. Nilikata tiketi mbili mbio mbio bila kuzisoma. Ya kwanza ilinishusha Jomo Kenyatta. Ya pili ilikuwa inaondokea Wilson. Kwenye ramani viwanja hivyo ni majirani, lakini foleni ya Nairobi haijui ramani. Ndege ikaniacha. Niliyopata baadaye ilinifikisha Eldoret ami keshazikwa. Kwa hivyo, msomaji, tazama jina la uwanja kwanza, bei baadaye.

Jambo jingine: kutua si kufika. Uwanja wa Eldoret uko kama kilomita 16 kusini mwa mji, njia ya Kapsabet. Timboroa iko kwenye barabara ya Nakuru, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka mjini. Anayekwenda huko aongeze saa mbili nzima.

Abebe na sweta. Uwanja wetu wa Moi uko kama mita 60 tu juu ya bahari. Wa Eldoret umepita mita 2,100. Hewa huko ni nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka, ndiyo maana njia yake ya kurukia ina urefu wa karibu kilomita tatu na nusu. Timboroa imepita mita 2,700, na stesheni yake ya reli ni miongoni mwa zilizo juu kabisa Afrika. Nilikwenda kuhani na kanzu na kofia tu, nikatetemeka hadi mke wa ami akanitafutia koti la marehemu.

Jioni nilitazama saa, nikatia udhu kwa maji ya barafu, nikauliza mbona hawaadhini. Wenyeji wakacheka kidogo. Timboroa iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya digrii nne, na jua huchelewa kuzama huko kwa kama dakika 16. Nikaketi kungoja, miguu imekufa ganzi.